Harufu ya Mkwe

Kichupa kiko hapa mezani, kati ya kopo la chumvi na miwani yangu, na tangu msiba umalizike mwezi uliopita hakuna mtu wa nyumba hii aliyekigombania. Mashamba yamepata wenyewe, baiskeli imepata mwenyewe, hata lile koti la mvua lenye tundu mgongoni lilipata mpwa wa kulibeba mpaka Talatala. Kichupa kilizungushwa sebuleni, kila mmoja akanusa, kila mmoja akakunja uso. "Mama, mbona kinanuka kiatu?" aliuliza binti yangu wa mwisho, aliyetoka chuoni, ambaye mwenyewe hujipulizia kitu cha harufu ya pipi mpaka nyuki wanamfuata. Nikamwambia ndiyo, ni kiatu, ila ni kiatu ambacho wewe hujawahi kukivaa. Akacheka, akanirudishia. Tangu siku hiyo kila asubuhi naweka tone moja nyuma ya sikio, kisha nakaa hapahapa nyumbani, maana mimi si mtu wa safari. Nimeishi zaidi ya miaka hamsini kati ya Ndandalo na Kyela mjini. Matema, wanakokuja Wazungu kuogelea, nimefika mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu ile ya kwanza niliumwa tumbo sikuona kitu. Watu wa aina yangu, dunia ikiwa na haja nao huwafuata nyumbani. Mimi ilinifuata ndani ya chupa, mwaka ule nilioolewa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya mjini, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa na viberiti na samahani tu, yakaanza kujaa: sabuni za kunukia, mafuta ya nywele, mitumba, redio, na manukato ya kila rangi. Mji mzima ukanukia waridi. Karani alinukia waridi, mkata nyama alinukia waridi, na Jumapili kanisani ilibidi dirisha lifunguliwe hata mvua ikiwa inanyesha. Nami nilikuwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne, nikijiona mtu wa kisasa kabisa, nikaolewa na Lusajo wa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tukakaa kwao, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja lililotazama migomba.

Baba yake sitamtaja jina. Hata leo, amekwishazikwa, kalamu yenyewe inagoma. Nitamwita Mzee. Kwa desturi yetu ya Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawasalimiani, hawatajani majina. Mwanamke akimsikia mkwe anakuja, anaacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Mimi niliyepasua chura katika chumba cha baiolojia nilidhani mambo hayo yalizikwa na bibi zangu. Tena mchungaji alikwishasema madhabahuni kwamba si lazima. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia na amina, na tulipofika nyumbani akaning'iniza kanga yake ukutani akasema, "Mchungaji hana mkamwana." Ikawa basi.

Wiki ya tatu nikaharibu. Nilikuwa natoka kisimani na chungu kichwani, chungu kizuri cha Lyulilo alichokipenda mama mkwe kuliko vyote, nikapinda kona pale walipoanika kakao, na Mzee akapinda kona hiyohiyo kutoka upande wa pili, pekupeku, kimya kama paka. Tukatazamana. Nilimwona kwa muda wa kupepesa jicho: mtu mfupi, mwenye mwanya, macho yamemtoka. Nakumbuka kuona kwamba yeye ndiye aliyeogopa zaidi. Chungu kikaanguka, maji yakaondoka na kakao, na Mzee akageuka akakimbia, mtu mzima na mzee wa kanisa, akapita katikati ya kuku. Jioni ile mama mkwe alinikalisha jikoni. Hakupaza sauti. "Mara ya kwanza ni macho," alisema. "Mara ya pili ni dharau. Ukirudia, utakwenda kwenu Ndandalo, ukae mpaka tutakapokuita." Kule kwetu nilikuwa namjua mwanamke mmoja ambaye alikuwa anasubiri kuitwa tangu mimi niko darasa la tano.

Nilimwambia Lusajo usiku huo asemezane na mama yake. Lusajo alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa katika kucheka. Alicheka. Basi nikajifunza kuishi kama panya wa ghalani. Kabla ya kutoka nilichungulia, kabla ya kupinda kona nilisikiliza. Nadhani Mzee naye alijaribu. Kwanza alikohoa, lakini mvua zilikuwa zimeanza na Kyela nzima ilikuwa inakohoa. Kisha akapiga kengele ya baiskeli, na hapa kwetu kila mtu ana baiskeli. Asubuhi moja nilijificha migombani mara nyingi hata siafu wakanizoea. Akahamia kuimba wimbo wa kanisani, bahati mbaya ule ambao wazee wote wa kanisa huupenda, nikamkimbia mwinjilisti aliyekuja kutusalimia, nikaruka mfereji mbele ya macho yake. Akaenda kusema kwamba katika nyumba ile mkamwana ameikataa Injili. Mwisho Mzee akawa anazungumza na mbwa. "Simba, leo naenda shamba la juu, nitarudi jua likiwa utosini, umenielewa?" Simba alielewa. Tatizo ni kwamba Mzee alirudi wakati wowote alipokutana na mtu wa kupiga naye soga, na hilo Simba hakuwa na njia ya kunieleza.

Halafu siku moja, nikiwa nachambua mchele mlangoni, nikasikia harufu ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa kali, kama moshi wa kuni mbichi uliochanganywa na dawa ya malaria. Nikainua kichwa. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na kwenye njia ya kuja nyumbani, nyuma ya migomba, nikaona kofia ya Mzee. Nikaingia ndani bila haraka, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, ungo mkononi na mchele wote ungoni.

Sasa mtu mwenye akili angekaa na bahati yake kimya. Mimi nilikuwa na ulimi. Mchana huo, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, mimi na mama mkwe, harufu ile bado imeganda mlangoni alipopita Mzee, nikasema kwa kutaka kumchekesha, "Mama, hii si harufu ya kwenda kuangalia mpunga. Huko inakokwenda kuna mtu wa kuinusa." Mama mkwe alicheka. Nilijivunia kicheko kile, maana hakuwa mwepesi wa kucheka. Kisha nikaona kisu chake kimesimama katikati ya ndizi. Akauliza, taratibu, "Na wewe umeisikia?" Nikasema nani asiyeisikia. Akaendelea kumenya. Jioni tulipika mbasa, na kichwa cha samaki, ambacho tangu nije nyumba ile kilikuwa cha Mzee, kilikwenda kwa Simba.

Kutoka hapo mambo yakaenda vibaya kwa heshima kubwa, kama yanavyokwenda katika nyumba za watu wa kanisa. Hakuna aliyegombana. Chai ya Mzee ilipelekwa baridi. Shati lake lilipigwa pasi upande mmoja. Alikwenda Lyulilo siku ya soko, akarudi na chungu kipya badala ya kile nilichovunja, na mama mkwe akakizungusha mikononi akikikagua kama barua. "Ndaga," alisema, asante ya Kinyakyusa, lakini aliisema jinsi mtu anavyofunga mlango. Nilimsikia akimwambia jirani juu ya ua, "Mwanamume hajipaki kwa ajili ya mpunga." Ni maneno yangu, kaongeza chumvi tu. Nilikuwa nyuma ya ua nimeshika nguo mbichi, nikatamani kuingia ndani ya ndoo.

Na wakati huohuo, nikiri, mimi nilikuwa nafaidi. Pua yangu ilikwenda shule mwaka ule kuliko mimi nilivyokwenda miaka minne. Niligundua kwamba harufu ile haikuwa moja. Ule ukali wa kwanza, wa moshi na dawa, ulimaanisha Mzee yuko karibu, ametoka chumbani sasa hivi. Baadaye ukali ulikufa na kubaki kitu kikavu kama majani ya chai yaliyoachwa juani. Nikikuta chai kwenye njia nilijua amepita muda wa kuchemsha maharage. Mchana wa joto, na joto la Kyela mnalijua, chai nayo iliondoka, harufu ya ngozi ikajitokeza: jalada la Biblia mpya, mkoba uliofunguliwa mara ya kwanza, na chini kabisa utamu wa kibuyu cha mtindi kilichofukizwa moshi. Mwanzoni niliinusa ili niokoke. Kufikia miezi ya kuvuna nilikuwa nasimama njiani baada ya yeye kupita, nimefumba macho, nanusa hewa tupu kwa sababu tu ilikuwa nzuri. Waridi la mjini lilikuambia kila kitu kwa mara moja, kisha likakurudia likakuambia tena. Hii ilikuacha ungoje.

Siku niliyojua ukweli nilikuwa jikoni peke yangu. Jiko letu lilikuwa la mianzi, na upande wake wa pili ndio kulikuwa na kibaraza cha wageni, kwa hiyo aliyekaa jikoni alisikia yote na hakuonekana. Bwana Nassoro, mwenye duka la mjini, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wote tujione tunatafuna mawe, alikuwa amekuja kuulizia mchele. Walimaliza habari ya mchele haraka.

"Mzee mwenzangu," akasema Bwana Nassoro, "nasikia kichupa changu kimekuvunjia nyumba."

"Haijavunjika. Imepinda."

"Si nilikwambia uchukue waridi? Mke akisikia waridi anajua mume wake anajipendekeza, yamekwisha. Hii ngozi yako hata mimi niliyeiuza siielewi. Ndugu yangu baharia aliniletea pamoja na mzigo mwingine, mwaka mzima imekaa rafuni, watu wananusa wanatazama chini ya kiatu."

"Ndiyo maana niliichukua. Waridi linapakwa na mji mzima. Nikinukia waridi, yule mtoto atajuaje kwamba ni mimi na si karani wa posta?"

Nilikuwa nimeshika ndizi iliyomenywa nusu.

"Mtoto gani?" akauliza Bwana Nassoro.

"Wa jikoni. Mke wa Lusajo. Tulikutana uso kwa uso akavunja chungu, na mama yao ameapa akirudia atamrudisha kwao. Nimekohoa, nimeimba, nimepiga kengele. Nikaona nitafute kitu kinachonitangulia."

"Subhanallah. Kumbe ndiyo siku ile ulinusa chupa zangu zote kama mbwa wa forodhani."

"Nilitaka ile ambayo hakuna mwingine atakayeinunua."

"Hiyo uliipata, alhamdulillahi." Walicheka kidogo. Kisha Mzee akasema, kwa sauti nyingine, "Na imenizoea. Asubuhi inapiga kelele, mchana inazungumza, jioni inanong'ona. Hii ni ngozi iliyomsahau ng'ombe, Nassoro."

"Basi mweleze mama."

"Nimweleze nini? Nikae nimwambie mke wangu kwamba nawaza mkamwana wetu anapita wapi saa ngapi? Hayo hayasemwi. Nikiyasema, ndiyo nitakuwa nimeharibu kweli. Acha tu. Jumamosi nitakuletea kilichobaki."

Ilikuwa Alhamisi. Niliweka ndizi chini. Nilijua mambo mawili: kwamba Jumamosi ikipita nitakuwa kipofu tena katika nyumba ile, na Ndandalo iko pale inanisubiri, na kwamba mtu aliyekuwa ananilinda analishwa chai baridi kwa ajili ya mzaha wangu. Nikajaribu kulia, lakini nilikuwa nimekula pilipili na nikajifuta macho kwa mkono uleule, kwa hiyo sijui machozi yale niyahesabu vipi.

Ijumaa alasiri mama mkwe alikuwa anageuza kakao kwenye mikeka, ameinama, kanga kiunoni. Nikapiga magoti. "Mama, yale maneno ya mtu wa kuinusa. Nilitania."

Hakuinuka. "Unamtania mume wa mtu?"

"Nilikosa, Mama. Lakini mtu wa kuinusa yupo kweli. Ni mimi."

Hapo akainuka. Nikaona nimejieleza vibaya kuliko mtu yeyote tangu dunia iumbwe. Nikasema upesi, "Nainusa ili nikimbie njia, Mama. Niingie migombani kabla hajapinda kona. Usiponiamini nifunge macho."

Akafungua kanga yake kiunoni, akanifunga macho mwenyewe, akakaza mpaka masikio yakauma, akanikalisha kwenye kinu kilichogeuzwa, mgongo ukielekea njiani. "Haya," alisema. "Tuone." Tukakaa. Upepo wa ziwani ulikuwa unakuja vizuri, nikaushukuru. Nyayo zikapita. "Huyu nani?" akauliza. Nikasema simjui, ananukia waridi na samaki. "Ni mkata nyama," alisema, "na ana usipa kwenye kikapu." Wakapita wengine wawili, mmoja akiimba wimbo uleule wa kanisani, sikutikisika. Kakao ilikuwa inachacha juani na kufunika kila kitu kwa harufu ya siki, nikaogopa pua itaniangusha siku ninayoihitaji. Kisha ikaja, nyembamba, kutoka mbali: majani ya chai, na nyuma ya chai, Biblia mpya. Nikasimama. Nikanyoosha mikono mbele, nikapapasa mgomba wa kwanza, wa pili, nikaingia, nikachuchumaa na kanga usoni. Nilihesabu pumzi kama arobaini. Ndipo nikasikia sauti ya Mzee ikimuuliza mkewe mbona amekaa peke yake, na sauti ya mama mkwe ikijibu, "Napumzika."

Aliponifungua macho, macho yake ndiyo yalikuwa mekundu. Nilidhani ataniambia asante, au pole. Alisema, "Miaka thelathini na mitano niko naye. Mimi hakuwahi hata kunikoholea." Akarudi kugeuza kakao.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko somo lolote la shuleni. Wakati ule nilidhani nimeitengeneza nyumba. Sasa, baada ya kuolewa kwa zaidi ya miaka thelathini na mtu wa kucheka, naona nilichofanya ni kumwondolea mama mkwe wivu mmoja na kumpa mwingine, ulio safi zaidi, usio na mtu wa kumlaumu. Jumamosi kichupa hakikurudi kwa Bwana Nassoro. Jioni kichwa cha samaki kilirudi kwenye sahani ya Mzee, na Simba akakaa mlangoni akitutazama kama tuliomdhulumu. Jumatatu nikasikia harufu, kali, ya karibu kabisa, nikaruka dirisha la jiko na kuangukia kwenye majivu. Nilipochungulia nikamwona mama mkwe amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, ananukia kutoka shingoni mpaka viwikoni.

"Unamkimbia nani?" aliuliza.

"Nimedhani ni..." Jina siwezi kulitaja. Nikaelekeza kidole chumbani.

Wiki nzima nilimkimbia mama mkwe wangu. Alijua, na hakuacha, na nadhani alifurahi. Mwisho tukaelewana bila kuandikiana: yeye angepaka Jumapili tu, na Jumapili mimi ningekwenda kanisani mbele yao na kurudi nyuma yao. Siku nyingine zote aliweka tone yeye mwenyewe nyuma ya sikio la Mzee, asubuhi, kabla ya chai, na nilisikia kupitia ukutani akimwambia, "Usisugue. Ukisugua unaiua." Kichupa kilipokwisha, Bwana Nassoro aliagiza kingine, na baada yake mwanawe. Kwa namna hiyo tuliishi nyumba moja, Mzee na mimi, miaka yote hii. Sikumwona uso tena. Sikuwahi kurudishwa Ndandalo. Dada zangu wa mjini walisema ni ujinga, na huenda ni ujinga kweli, lakini nawauliza ni mkwe gani mwingine aliyekwenda kunusa duka zima kwa ajili yao.

Mwezi uliopita, siku ya maziko, nilikuwa nyuma na wapishi. Jeneza lilikuwa sebuleni na watu walikuwa wanaaga. Mimi sikutarajia kuaga. Nilijua mahali pangu. Mama mkwe, ambaye sasa haoni vizuri na anatembea kwa kushika kuta, akatuma mtu aniambie nilete beseni la maji ya moto, wageni wanawe mikono. Nikalibeba. Mlangoni nikasimama kidogo kama kawaida yangu, nikanusa. Ubani, mishumaa, rangi mpya ya mbao, jasho la watu. Hakuna kitu. Njia ilikuwa nyeupe. Nikaingia, watu wakanipisha, na nilipoinua macho nilikuwa nimesimama juu yake.

Alikuwa mtu mfupi. Mwanya ulikuwa bado upo. Miguu yangu, iliyofundishwa miaka yote ile, haikuwa na la kufanya. Mama mkwe alikuwa mkekani, karibu na kichwa cha jeneza, na mkono wake ulikuwa ndani ya kanga umefumbata kitu. Hakunitazama.

"Leo sikumpaka," alisema. "Nilitaka usikimbie."

Nikabaki pale na beseni langu, nikimtazama, mpaka maji yakapoa.